Kivuli Ndani ya Jalada 214

"Nimekosea," alisema Inspekta Darweshi kabla hata ya kukaribishwa. "Tena si kidogo. Nimekosea kwa ukamilifu, kama mtu aliyesomea."

Rahabu Shekiondo hakuinua kichwa. Alikuwa ameinama kwenye tuta la viazi nyuma ya nyumba yake, juu kidogo ya Lushoto mjini, kanga kiunoni na jembe mkononi. Ilikuwa saa tatu asubuhi ya Alhamisi. Kwa miaka ishirini na sita, Alhamisi saa kama hiyo alikuwa kazini, kwenye jumba la mimea.

"Huko kwenu Tanga hamwanzi na shikamoo?"

"Shikamoo, dada Rahabu."

"Marahaba. Haya, endelea kukosea."

Darweshi alivua kofia. Alikuwa amevaa sweta mbili na koti juu, na bado alikuwa anapuliza vidole. Miaka minne Lushoto, baridi ilikuwa haijamzoea.

"Alhamisi iliyopita nilimwambia mkuu wako achukue funguo zako. Nikasema karatasi namba 214 imebadilishwa, na daftari la kabati lina saini yako peke yako. Nikafunga daftari, nikajiona bingwa. Jalada lenyewe sikulichungulia ndani."

"Nilikwambia ulichungulie."

"Uliniambia."

"Mara mbili."

"Mara tatu, dada. Nimesoma maelezo yako upya jana."

Rahabu alisimika jembe kwenye udongo. Sasa alimtazama. "Na umeona nini?"

"Twende kwenye gari. Kikao chako cha nidhamu ni kesho saa nne. Nataka kesho wakae wasiwe na la kusema."

Njiani Darweshi aliipanga kesi upya kichwani, kama mtu anayefungua mzigo aliofunga vibaya. Jumba la mimea lilikuwa na karatasi elfu arobaini za mimea iliyokaushwa, karibu zote za msituni. Lakini lilikuwa pia na droo moja ya mwani wa baharini. Mwani huo uliletwa mlimani zamani, kwa sababu kule pwani joto na mchwa vilikuwa vinamaliza karatasi. Aliyeukusanya ni Mama Paskalina, mzaliwa wa Mlalo, mwenye diploma yake, aliyeshuka baharini mwaka 1987 na kurudi na karatasi mia tatu. Rahabu alifundishwa kazi na yeye.

Wiki mbili zilizopita mtaalamu wa mwani aitwaye Janeth alikuja kutoka Dar es Salaam kuitazama karatasi namba 214. Alikuwa ameokota pwani ya Tanga mwani mwekundu usio na jina duniani, na alisikia kwamba Mama Paskalina aliuokota kabla yake. Kama ni kweli, ungepewa jina la mama huyo. Akafungua jalada, akakuta mwani wa kawaida kabisa, wa kujaza gunia. Kibao cha maelezo, kikaratasi kilichobandikwa pembeni, kilikuwa cha 1987, mmea haukuwa wenyewe.

Darweshi alianza kwa kumshuku mtafiti mmoja aliyeonekana akishuka Mombo na bahasha kifuani. Alimfuata mpaka stendi. Bahasha ikafunguliwa mbele ya wauza vitunguu wote, ikakutwa na mbegu za kabichi. Baada ya aibu hiyo akarukia daftari, na daftari likamtaja Rahabu: tarehe kumi na mbili Aprili, saini safi, ya mwisho.

Halafu jana jioni Janeth akapiga simu.

"Afande," alisema, "ile karatasi ni moja, lakini vinasaba ni vya mimea miwili."

* * *

Chumba cha hadubini kilikuwa nyuma ya jumba, dirisha likitazama miti ya mivinje. Janeth, msichana wa miaka thelathini hivi mwenye miwani mikubwa, alisimama walipoingia.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu," alisema Rahabu. Macho yake yalishaenda mezani, kwenye karatasi 214. Hakuigusa. Alifunga mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa.

"Mweleze kama ulivyonieleza mimi," alisema Darweshi. "Polepole. Mimi nimekula samaki maisha yangu yote, na mpaka jana nilidhani mwani ni uchafu wa bahari."

Janeth alicheka kidogo. "Siku ile nilikata vipande viwili vya kupeleka maabara. Kimoja cha tawi hili. Kingine kilikuwa kimeganda hapa ukingoni mwa kibao cha maelezo, kikubwa kama punje ya mchele. Nilichukua nusu yake, nikidhani ni mmea uleule. Majibu yamerudi tofauti. Tawi ni mwani wa kawaida. Ile punje inalingana na mwani wangu usio na jina, herufi kwa herufi."

"Mpaka hapo mtu anaweza kusema umechanganya vichupa," alisema Darweshi.

"Atasema. Ndiyo maana vinasaba peke yake sivitaki. Nataka na mwili useme."

"Lakini kwa macho ni kitu kimoja! Yote myekundu, yote ina matawi."

"Mwani mwekundu unadanganya kwa sura, Afande. Ukikulia penye mawimbi unakuwa mfupi, mnene. Ukikulia penye maji yaliyotulia unarefuka, unakuwa mwembamba. Ndugu wa damu hawafanani, na wasiojuana wanafanana kama pacha. Kwa hiyo sisi uso hatuuamini. Tunaukata tuone ndani, na tunauliza vinasaba. Vikikubaliana, tunaandika."

"Mnanizidi. Mimi niliamini daftari, ambalo halina hata uso."

Darweshi alifungua jalada, ile karatasi kubwa iliyokunjwa ambayo sampuli hulala ndani yake, akaligeuza upande wa ndani ukawa juu. Pale palikuwa na doa la rangi ya chai ya rangi. Kivuli. Mmea uliolala mahali pamoja miaka thelathini na saba ulikuwa umejichora kwenye jalada.

"Hesabu matawi ya kivuli, dada."

"Matatu," alisema Rahabu bila kuhesabu. "Yalikuwa matatu siku zote."

"Na mmea uliopo?"

"Tisa. Nilikwambia ufungue jalada."

"Mara tatu," alisema Darweshi kwa unyenyekevu.

Ilibaki nusu ya punje, na Janeth alikuwa na nafasi moja tu. Aliilowesha kwa maji yenye tone la sabuni mpaka ikavimba na kulainika. Akashika wembe, akaurudisha chini.

"Mimi nimezoea kukata kwa mashine," alisema. "Hiki ni kidogo mno. Nikikiponda, hakuna kingine."

Rahabu akakunja mikono ya sweta.

"Lete."

Darweshi alikohoa. Mtuhumiwa kushika kielelezo cha mwisho, tena kwa wembe! Chuoni kwao mwalimu angeanguka na kiti. Alimtazama mwanamke yule, udongo wa viazi bado kwenye kucha zake, akakumbuka kwamba kati yao wawili aliyekosea wiki iliyopita si yeye.

"Nawa mikono kwanza," alisema. "Janeth, washa simu yako, rekodi kila kitu. Mimi nasimama hapa nikiwa shahidi, na kama nikipiga chafya mnifukuze."

Rahabu alinawa. Aliibana ile punje katikati ya vipande viwili vya karoti, kama alivyofundishwa, akashusha wembe mara moja, mara mbili, mara nane, kila mara unywele mmoja nyuma. Hakupumua. Kwenye tone la maji vikabaki vijipande vinane, vyembamba hata mwanga wa taa ulipita.

"Mama Paskalina alikuwa anatoa kumi na viwili," alisema. "Mimi sijamfikia."

Janeth aliinamia hadubini. Akakaa pale muda mrefu mpaka Darweshi akaanza kumsomea dua kimoyomoyo.

"Njoo uone, Afande. Kwanza hiki cha tawi la karatasini, nilikikata mapema kwa mashine."

Darweshi aliona miviringo mikubwa mikubwa katikati, kama mayai kwenye trei, ikipungua ukubwa kwenda pembeni.

"Sasa hiki cha punje."

Hapa hapakuwa na mayai. Katikati palijaa nyuzi nyembamba, zimebanana na kupishana. Darweshi, ambaye baba yake alifanya kazi shamba la mkonge, alijikuta anacheka.

"Kamba ya katani! Umekata kamba ya katani, ukaitazama kwa mbele!"

"Ndiyo," alisema Janeth. "Na mwani wangu uko hivyohivyo. Soma kibao."

Kibao kilikuwa cha penseli, mwandiko mdogo ulionyooka: *Katikati una nyuzi. Si ule wa kawaida. P., 9/8/1987.*

Janeth alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Mimi nimetumia maabara mbili na mwaka mzima kufika hapa," alisema. "Yeye alifika kwa wembe wa kunyolea."

"Na hadubini ya shule," alisema Rahabu. Kidevu chake kilikuwa kimeinuka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana mrefu. "Aliazima. Alikuwa anairudisha kabla kengele ya vipindi haijalia."

Darweshi alikunja mikono ya koti. Sasa alijua kulikuwa na mimea miwili, na kwamba mmoja uliondolewa. Lililobaki lilikuwa ni kazi ya polisi.

"Dada Rahabu, mwani unabandikwaje kwenye karatasi?"

"Haubandikwi. Unauacha uelee kwenye beseni la maji ya bahari, unapitisha karatasi kwa chini, unaunyanyua taratibu. Ukikauka umejishika wenyewe, una utelezi wake. Ya msituni ndiyo tunashona kwa uzi na kuwekea gundi."

"Itazame 214."

Rahabu alisogea, mikono bado nyuma, akapeleka jicho usawa wa meza. Pembeni mwa matawi tisa palimeta kitu cha manjano. Alinusa.

"Gundi," alisema kwa chuki, kama mtu aliyekuta mende kwenye wali. "Tena si yetu. Hii ni gundi ya mbao!"

"Mkuu wako ni mtu wa wapi?"

Rahabu aliinua kichwa kutoka kwenye ile gundi. "Shume," alisema taratibu. "Ukoo wao wote ni mafundi mbao. Hizi droo alizitengeneza mwenyewe, wikiendi, bila kumlipisha mtu."

"Na yeye ana funguo za akiba?"

"Anazo."

"Akifungua kabati anasaini wapi?"

"Mkuu hasaini, Afande. Yeye ndiye anayekagua waliosaini."

Darweshi alipiga paji la uso kwa kiganja. Wiki nzima alikuwa amelisoma daftari kuona nani ameandikwa. Hakujiuliza ni nani asiyeandikwa.

"Funika 214 kwa hilo gazeti," alisema. "Janeth, nipe kipande cha mwani wako kilicholowa, na karatasi nyeupe. Na lile beseni la maji ya chumvi pale mezani liache lilipo, lionekane."

* * *

Mkuu Kristian aliingia akiwa na tai na sweta ya kufumwa, mtu mzima mpole mwenye mikono mikubwa. Alipomwona Rahabu alisita mlangoni.

"Nilidhani huyu amesimamishwa."

"Amesimamishwa, ila leo amekaa," alisema Darweshi. "Mkuu, samahani kwa usumbufu, kesho kwenye kikao nitaulizwa kazi hii inavyofanyika, na mimi mtu wa pwani sijui hata jani. Nisaidie. Nibandikie huu mwani kwenye hii karatasi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Kristian alitabasamu. Alikuwa mtu wa kupenda kuonyesha. Alichukua kipande cha mwani, akakipangusa maji kwa kitambaa, akakilaza kwenye karatasi na kukinyoosha kwa ncha ya kidole, vizuri sana, kwa mkono wa fundi. Kisha akatupa macho huku na huku. Beseni lilikuwa karibu na kiwiko chake. Alilisogeza pembeni ili lisimzibie njia, akaenda kwenye kabati dogo la ukutani, akatoa kopo.

Lilikuwa na gundi ya mbao.

Alichovya kijiti. Alishapaka tawi la kwanza na la pili ndipo akasikia jinsi chumba kilivyonyamaza. Akamtazama Rahabu. Rahabu alikuwa anatazama beseni.

Darweshi aliondoa gazeti. Karatasi 214 ikalala wazi mbele ya Kristian, na ile ming'ao ya manjano.

"Mkuu," alisema Darweshi, na safari hii hakutania. "Mwani haupakwi gundi."

Kristian aliweka kopo chini kwa uangalifu mkubwa, kama vile linaweza kupasuka. Akavuta kiti, akakaa.

"Ilikuwa Jumapili," alisema. "Masika. Usiku kulinyesha vibaya, nikawaza paa. Nikaja baada ya ibada. Maji yalikuwa yanadondokea droo ya mwani. Droo yangu niliyoipiga randa mwenyewe."

"Endelea."

"Karatasi hiyo ilikuwa juu. Imelowa. Mwani umevimba, umekuwa kama bamia. Nilipouinua ukateleza, ukatoka wote mkononi mwangu. Nikajua umeoza."

"Haukuoza!" Rahabu hakuweza kujizuia. "Ulikuwa umelowa tu! Ungeuacha uelee upya ukajishika! Mwani ukilowa unarudi kama ulivyokuwa baharini, mkuu, hata baada ya miaka mia!"

"Mimi ni mtu wa msitu, Rahabu. Jani la msituni likilainika hivyo limekufa." Alijitazama mikono. "Niliutupa kwenye maua, pale nje. Kwenye furushi la ziada kulikuwa na mwingine mwekundu. Nikauona ni uleule. Nikaukausha, nikaubandika. Nilijua hakuna atakayeitazama droo ile tena."

"Na Janeth alipoitazama?"

"Miaka kumi na nne nimewaambia wageni kwamba jumba hili halijawahi kupoteza hata jani moja. Mkuu wa wilaya nimemwambia hivyo. Wanangu nimewaambia hivyo." Sauti yake ilipungua. "Nilitaka kusema siku ya kwanza. Halafu wewe Afande ukaja na daftari, ukasema ni Rahabu, na ulisema kwa uhakika sana."

Kauli ile ilimchoma Darweshi palipostahili. Alikubali kwa kichwa.

"Fungu langu la kosa nimeshalipeleka kwenye tuta la viazi asubuhi," alisema. "Lako bado unalo."

Kristian alitoa funguo mfukoni. Zilikuwa saba, na kipande cha kanga kilichofifia kimefungwa kwenye pete. Hicho Rahabu alikifunga mwenyewe mwaka wa kwanza wa kazi. Kristian aliziweka mezani, akazisukuma. Rahabu alizipokea kwa mikono miwili. Hakusema ahsante, na hakuna aliyeitegemea. Alizihesabu kwa kidole gumba bila kutazama, mpaka ya saba, akazifunga kwenye ncha ya kanga kiunoni, palipokuwa mahali pake.

"Kikao cha kesho?" aliuliza.

"Kitakuwepo," alisema Kristian. "Nitakaa mimi upande ule wa mtuhumiwa."

Darweshi alimgeukia Janeth. "Na jina?"

"Tuna kibao chake, kivuli chake, vijipande vinane na vinasaba. Nilikuwa siwezi kuweka jina la mtu juu ya karatasi yenye kesi." Alimtazama Rahabu. "Sasa kesi haipo. Utaitwa kwa jina lake. Na chini nitaandika nani aliyekata."

Rahabu aligeuka dirishani ghafla, akashughulika na mivinje.

"Anajua?" aliuliza Darweshi. "Mama Paskalina?"

"Anajua kwamba mwani wake umepotea," alisema Rahabu, bado akiangalia nje. "Na kwamba ni mimi niliyeupoteza. Watu wa Mlalo walimpelekea habari kabla yangu. Nimempigia mara nne, hapokei."

Darweshi alichukua simu yake, akaomba namba, akabonyeza. Kisha akaiweka mezani, sauti ya juu, kati ya kopo la gundi na karatasi 214, na kuisogeza kwa kidole mpaka ikafika mbele ya Kristian.

"Ya polisi labda atapokea," alisema. "Habari hii ina mwenyewe wa kuisema, na si mimi."

Iliita. Kristian alinyoosha tai yake. Iliita tena, na tena, halafu ikapokelewa, na kwa mbali wakasikia kuku, na mtu akifukuza mbuzi kwa Kishambaa.

"Haloo?" Sauti ilikuwa ya kizee, kavu, isiyo na haraka. "Nani mwenzangu?"

Kristian aliinamia simu. Jasho lilikuwa limemtoka, katika baridi ile.

"Haloo? Namba siijui hii. Ni wa jumba la mimea? Kama ni habari ya mwani wangu, sikilizeni. Mimi ni mzee lakini sijasahau. Niliukata kwa mkono wangu, nikauona kwa macho yangu, una nyuzi katikati. Na yule binti yangu Rahabu nilimfundisha mimi, hawezi kupoteza kitu, sitaki kusikia hayo. Mnanisikia?"

Rahabu alikuwa ameshika ncha ya kanga yake, funguo ndani ya ngumi. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Alibana midomo, akamtazama mkuu wake, akangoja.

Huko Mlalo mbuzi alilia.

"Mbona kimya? Semeni basi. Mwani wangu umeonekana? Semeni."

Kristian aliivuta simu karibu, akasema, "Shikamoo, mama, ni mimi Kristian, na aliyeupoteza ni mimi."